Nambari Zilizofundishwa Ubaguzi

Wanaume wawili, kila mmoja ana miaka 50, wanaingia katika hospitali moja mjini Boston, tuseme mwaka 2014. Wanatolewa damu. Maabara inakuta kila mmoja ana kreatinini ya mikromoli 124 kwa lita. Umri ni ule ule, jinsia ni ile ile, damu imesema neno lile lile. Majibu yanapotoka, wa kwanza anaambiwa figo zake zinachuja kwa kiwango cha mililita 58 kwa dakika. Kiwango hicho kimeshuka chini ya 60, na kikikaa huko kwa miezi mitatu madaktari huuita ugonjwa sugu wa figo. Atapangiwa kliniki, atapimwa mkojo, dawa zake za presha zitaangaliwa upya. Wa pili anapewa 67 na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Huyu wa pili ni mweusi. Hakufanyiwa kipimo chochote cha ziada. Kompyuta ya maabara ilikuta neno moja kwenye faili lake, ikachukua jibu lake na kulizidisha kwa 1.159.

Wanaume hao nimewatunga ili hesabu ionekane. Hesabu yenyewe ilikuwapo, na kanuni za namna hiyo zilitumika katika hospitali za Marekani kwa miaka zaidi ya 20. Naandika juu yake kwa sababu wengi wetu tukisikia ubaguzi wa rangi huwaza matusi, vibao vya kutenganisha watu kwenye mabasi, au goti la polisi shingoni mwa mtu. Ubaguzi wa aina hiyo una uso, na mtu anaweza kuunyooshea kidole. Huu ninaotaka kuueleza hauna uso. Umekaa ndani ya kanuni za hesabu na ndani ya vyombo vya kupimia, na wengi walioutumia walikuwa madaktari wenye nia njema ambao wangeumia sana kuitwa wabaguzi. Madhara yake, hata hivyo, ni ya mwili: ni figo iliyokufa na pumzi iliyokatika.

Kazi kubwa ya figo ni kuchuja damu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vinavyokaribia milioni moja, na kwa mtu mzima mwenye afya figo zote mbili hupitisha takriban mililita 100 za majimaji kila dakika. Inawezekana kupima kiwango hicho moja kwa moja. Mgonjwa hudungwa dutu ambayo mwili hauitumii, kisha hutolewa damu mara kadhaa kwa muda wa saa kadhaa ili kuona dutu hiyo inaondoka kwa kasi gani. Ni kazi ndefu na ya gharama, kwa hiyo hospitali hutumia njia ya mkato, nayo ni kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli. Misuli huizalisha kila siku na figo huitupa kwenye mkojo. Figo zikilegea, kreatinini hujaa kwenye damu.

Ugumu ni kwamba kreatinini ina wazazi wawili, figo na misuli. Mtu akiwa nayo nyingi, huenda figo zimechoka, huenda ana misuli mikubwa, au huenda jana alikula nyama nyingi. Bibi wa miaka 80 aliyekonda anaweza kuwa na kreatinini inayoonekana nzuri huku figo zake zikiwa hoi, kwa kuwa hana misuli ya kuizalisha. Ndiyo maana wataalamu hutunga kanuni zinazoingiza umri na jinsia, vitu viwili vinavyosaidia kukisia misuli. Mwaka 1976 Donald Cockcroft na Henry Gault walichapisha yao huko Kanada, wakitumia wagonjwa 249, karibu wote wanaume. Rangi haikuwamo. Mwaka 1999 Andrew Levey na wenzake nchini Marekani walitoa nyingine, iliyojulikana kwa kifupi kama MDRD, wakitumia wagonjwa 1,628. Humo rangi iliingia.

Watafiti hawa hawakukaa kitako wakapanga kumdhulumu mtu. Waliona kwenye takwimu zao kwamba washiriki weusi, ambao hawakufika 200, walikuwa kwa wastani na kreatinini ya juu kuliko weupe hata pale figo zilipochuja kwa kiwango sawa. Maelezo hayakutafutwa mbali: ikasemwa kwamba watu weusi wana misuli zaidi. Kuanzia hapo kila mtu mweusi, mnene kwa mwembamba, mbeba mizigo kwa mwalimu mstaafu, akawa anakopeshwa misuli ya wastani ambayo hakuna aliyemwona nayo. Kanuni haikuuliza mtu ana uzito gani wala anafanya kazi gani. Haikuuliza anakula nini. Iliuliza rangi. Miaka 10 baadaye, mwaka 2009, ikatengenezwa kanuni iliyo bora kwa mambo mengi, CKD-EPI, na nyongeza ya rangi ikapunguzwa kidogo, lakini haikuondolewa. Ndiyo iliyompa mtu wetu wa Boston ile 67.

Na mweusi ni nani? Hapo sayansi iliyojidai kupima mpaka nukta ya tatu ya desimali ilikuwa inamtegemea karani wa mapokezi. Chukua mtu kama Barack Obama, baba yake Mjaluo wa Kenya na mama yake mweupe mzaliwa wa Kansas. Ukimwandika kwa upande wa mama, figo zake zinapata alama moja. Ukimwandika kwa upande wa baba, zinaongezewa karibu asilimia 16. Hapakuwa na nafasi ya katikati. Msomali wa Minneapolis, Mhaiti wa Miami na mjukuu wa watumwa wa Alabama waliingizwa kapu moja, kana kwamba vizazi na vizazi vya vyakula, kazi, magonjwa na ndoa zao havikuacha chochote mwilini isipokuwa rangi.

Twende sasa kwenye gharama. Nchini Marekani, mgonjwa huanza kuhesabiwa muda wa kungoja figo ya kupandikizwa pale kiwango chake cha uchujaji kinaposhuka hadi 20 au chini yake. Chini ya kanuni ya 2009, mgonjwa mweupe mwenye 18 aliingia kwenye orodha siku hiyo hiyo. Mweusi mwenye damu ile ile, baada ya kuzidishiwa, alisomeka 21. Aliambiwa bado. Wakati mwenzake anasogea kwenye foleni, yeye alingoja ruhusa ya kuianza, na foleni yenyewe ni ya miaka. Kwa wengi kungoja huko ni mashine ya kusafishia damu mara tatu kwa wiki, saa kama nne kila mara, na ni vigumu mtu kushika kazi au kusafiri. Wamarekani weusi ni takriban asilimia 13 ya watu wa nchi yao, lakini wao ni zaidi ya asilimia 30 ya wanaoishi kwa mashine hizo. Ndio waliohitaji kugunduliwa mapema kuliko watu wote, na ndio ambao kanuni iliwachelewesha.

Mazoea haya yana shina, na ukilifukua unafika kwenye mashamba ya utumwa. Mwaka 1846 daktari wa upasuaji wa London, John Hutchinson, alitangaza chombo cha kupimia pumzi kiitwacho spirometa. Mtu anavuta hewa mpaka mwisho, anaitoa yote kwenye bomba, na chombo kinaonyesha ujazo wake. Hutchinson alipima watu zaidi ya 2,000 akagundua jambo la kweli, kwamba ujazo wa mapafu hupanda kwa urefu wa mtu na kushuka kwa umri. Chombo kikavuka Atlantiki na kufika mikononi mwa Samuel Cartwright, tabibu wa Louisiana na mtetezi mkubwa wa utumwa. Yeye alidai kwamba pumzi ya mtu mweusi ina upungufu wa asilimia 20 ikilinganishwa na ya mweupe. Kwa hoja yake, mapafu hayo dhaifu yalihitaji kazi ngumu chini ya msimamizi ili damu ipate hewa ya kutosha. Yaani utumwa ulikuwa dawa. Katika ripoti aliyoichapisha mwaka 1851, Cartwright huyo huyo aliutaja ugonjwa aliouita drapetomania, ambao dalili yake ilikuwa mtumwa kutamani kutoroka. Miongoni mwa tiba alizopendekeza ni viboko.

Mtu angetegemea madai ya namna hiyo yazikwe pamoja na mwenye kuyatoa. Hayakuzikwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Benjamin Gould, mtaalamu wa falaki aliyekabidhiwa takwimu za maelfu ya wanajeshi waliopimwa, alichapisha mwaka 1869 jedwali lililoonyesha wanajeshi weusi wakiwa na ujazo mdogo wa mapafu kuliko weupe. Wengi wao walikuwa wametoka utumwani juzi tu. Njaa ya utotoni, vibanda vyenye moshi, kazi ya kutumikishwa tangu udogo, hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye jedwali. Likanukuliwa, aliyenukuu akanukuliwa, na kizazi baada ya kizazi tofauti hiyo ikageuka kuwa elimu. Lundy Braun, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Brown aliyeifuatilia historia hii kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi marekebisho ya rangi yalivyoishia kufungwa ndani ya mashine zenyewe. Mpimaji anachagua asili ya mgonjwa, na mashine kimya kimya inateremsha kiwango kinachotarajiwa kwa asilimia 10 hadi 15 ikiwa ni mweusi. Mwaka 1999, mjini Baltimore, kampuni ya Owens Corning iliyokuwa ikidaiwa fidia kwa ajili ya vumbi la asbesto iliiomba mahakama iweke kigezo kigumu zaidi kwa wafanyakazi weusi: kwa kuwa mapafu yao "kwa kawaida" ni madogo, wathibitishe kuharibika zaidi ndipo wahesabiwe wagonjwa.

Tazama mwelekeo. Kwenye figo, nambari ya mtu mweusi ilipandishwa. Kwenye mapafu, kipimo cha kumlinganisha nacho kilishushwa. Njia ni mbili na mwisho wake ni mmoja, kwamba mgonjwa mweusi alionekana mzima kuliko alivyokuwa. Nimesoma habari hizi kwa muda, na hili ndilo linalonikalia moyoni kuliko yote. Kama makosa yangekuwa ya bahati mbaya, yangeyumba huku na huku, mara yamzidishie ugonjwa, mara yampunguzie. Katika vipimo hivi yaliegemea upande ule ule, upande wa kutomsadiki anayeumia.

Kutosadiki huko hakukuishia kwenye vipimo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana, wote weupe, kuhusu madai kadhaa ya uongo, kwa mfano kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi kuliko ya mweupe. Karibu nusu yao waliona walau dai moja lina ukweli. Wale walioamini madai mengi zaidi walikadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo, na matibabu waliyopendekeza yalikuwa na makosa zaidi. Miaka mitatu baadaye Ziad Obermeyer na wenzake walichunguza programu ya kompyuta iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wanaohitaji uangalizi wa karibu. Haikuingiziwa rangi kabisa. Ilitazama gharama za matibabu za mtu, na kwa kuwa fedha zilizotumika kuwatibu weusi zilikuwa chache, ikahesabu kwamba hawaumwi sana. Kama kasoro hiyo ingerekebishwa, sehemu ya weusi miongoni mwa waliostahili msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Msomaji anaweza kuuliza: je, hakuna tofauti za kimwili kati ya watu? Zipo, tena nyingi. Shida iko kwenye makundi. Mwaka 1972 mtaalamu wa jenetiki Richard Lewontin alipiga hesabu akakuta kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu zipo baina ya watu wa jamii moja, na kilichobaki ndicho kinachogawanyika kati ya jamii na jamii, mbari na mbari. Afrika ndiyo yenye hazina kubwa ya tofauti hizo kuliko bara lolote. Sarah Tishkoff, ambaye kwa miaka mingi amefanya utafiti na Watanzania, Wahadzabe na Wasandawe wakiwamo, alishirikiana na wenzake mwaka 2017 kuchapisha utafiti wa rangi ya ngozi za watu zaidi ya 2,000 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Walikuta ngozi za kila kiwango, kuanzia nyeusi sana za baadhi ya wafugaji wa Afrika Mashariki mpaka nyepesi za Wasan. Tena baadhi ya mabadiliko ya jeni yanayoifanya ngozi kuwa nyeupe na yale yanayoifanya nyeusi yalianza humu humu Afrika kabla binadamu wa leo hajatokea. Sanduku lililoandikwa "mweusi" kwenye fomu ya hospitali limebeba watu wanaotofautiana kuliko wale walioandikwa kwenye masanduku mengine.

Mfano ulio bora ni wa figo zenyewe. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba mabadiliko mawili katika jeni iitwayo APOL1 huongeza hatari ya ugonjwa wa figo kwa mtu aliyerithi nakala kutoka kwa wazazi wote wawili. Yalienea kwa sababu yanausaidia mwili kupambana na vimelea vya malale, ugonjwa tunaoufahamu kwa mbung'o wake. Hapa pana tofauti ya kweli, yenye sababu inayoeleweka. Lakini angalia inakopita. Mabadiliko hayo ni mengi Afrika Magharibi, kwa mfano kwa Wayoruba na watu wa Ghana, na kwa wajukuu wa waliosafirishwa kutoka huko. Kwa Waethiopia ni nadra mno. Hata kwa Wamarekani weusi, wenye nakala mbili ni kama 13 katika kila 100, na wengi wa hao 13 hawatapata ugonjwa wa figo maishani. Ukitaka kujua nani yuko hatarini, pima jeni. Ukiangalia uso utamtisha asiyehusika. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alituonyesha jambo hili tangu mwaka 1954 alipoeleza kwamba ugonjwa wa damu wa selimundu hufuata malaria. Selimundu imo Ugiriki na India vile vile.

Sasa kuna chombo kimoja ambacho kwacho rangi ya ngozi ina uzito wa kweli, nacho ni kile kidude kinachobanwa kwenye kidole kupima oksijeni. Msingi wake ulitokana na kazi ya mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Upande mmoja hutoa mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, upande wa pili hupokea kinachopenya. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo humeza mianga hiyo kwa viwango tofauti, na kutokana na tofauti hiyo chombo hupiga hesabu. Lakini mwanga hauwezi kuifikia damu bila kupita kwenye ngozi, na melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, humeza mwanga. Hapa hatuzungumzii mbari wala asili ya mtu. Tunazungumzia kiasi cha melanini kwenye kidole, jambo la fizikia linalopimika.

Dalili za kasoro zilikwisha kuandikwa mwaka 1990. Mwaka 2005 watafiti wa San Francisco walizithibitisha maabara. Dunia ikaendelea na shughuli zake hadi korona ilipofika na kila wodi ikawa inategemea kidude hicho kuamua nani apewe oksijeni. Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Michigan walichapisha matokeo yaliyotikisa wengi. Walichukua wagonjwa ambao chombo kilisoma kati ya 92 na 96, nambari inayomfanya muuguzi ashushe pumzi, wakalinganisha na damu ya mshipa wa ateri. Kwa weupe, asilimia 3.6 ya vipimo vilionyesha kwamba oksijeni ilikuwa kweli chini ya 88. Kwa weusi ilikuwa asilimia 11.7. Kwa mara nyingine mgonjwa mweusi ameonekana mzima kuliko alivyo. Na mwongozo wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulimtaka mtengenezaji akijaribishe chombo kwa watu wasiopungua 10, na kati ya hao wenye ngozi nyeusi wawili walitosha. Wawili, kwa chombo kilichokuja kuuzwa Dar es Salaam, Kampala na Kinshasa.

Basi mahali ambapo rangi haikuhusika, kwenye figo na mapafu, iliandikwa ndani ya kanuni. Mahali ambapo inahusika, kwenye mwanga unaopenya ngozi, haikukumbukwa. Sioni namna ya kuyaeleza mambo haya mawili kwa pamoja bila kusema kwamba aliyekuwa akipimwa mawazoni mwa watengenezaji alikuwa mtu mweupe, na mwingine yeyote alikuwa nyongeza ya kufikiriwa baadaye, au ya kutofikiriwa. Januari 2025 mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa ilitoa rasimu ya mwongozo mpya inayotaka majaribio yawe na watu wengi zaidi na ngozi za viwango vyote. Wakati huo vidude vya zamani vimeshazagaa katika zahanati zetu. Mhudumu aliyeshika kimojawapo anapaswa kumhesabia mgonjwa pumzi kwa dakika, kumtazama mbavu zinavyoingia ndani, kumwondolea rangi ya kucha, na kutoiamini 93 peke yake pale mgonjwa anapohema kwa shida.

Na kanuni ya figo, je, ilifanya nini ilipofika kwetu? Mwaka 2022 watafiti wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini walichapisha kazi ambayo ningependa kila mkuu wa maabara wa ukanda huu aisome. Waliwadunga washiriki dutu iitwayo ioheksoli na kupima uchujaji wa figo zao moja kwa moja, kisha wakalinganisha na majibu ya kanuni za kreatinini. Kanuni ziliwapa watu figo nzima kuliko walizokuwa nazo, na nyongeza ya rangi ilizidisha kosa. Ugonjwa wa figo ulikuwa mwingi kuliko makadirio yaliyozoeleka. Kumbuka hoja ya misuli. Mkulima wa Malawi anayekula ugali na mboga, nyama kwa nadra, mwili mwembamba kwa jembe na kwa magonjwa, huzalisha kreatinini kidogo. Hata bila nyongeza yoyote kanuni ingemwona mzima. Ukimwongezea asilimia 16 kwa sababu ni mweusi, umemfunika kabisa. Dhana iliyotungwa kumhusu mtu mweusi wa Marekani ilikuja kumkuta mtu mweusi wa Afrika, na hapo ikageuka kinyume cha mwili wake.

Mabadiliko, yalipokuja, yalisukumwa kwa sehemu kubwa na vijana. Wanafunzi wa udaktari katika vyuo kadhaa vya Marekani walikaa darasani wakafundishwa kuzidisha kwa rangi, wakainua mikono kuuliza kwa nini. Wengine walibezwa. Hospitali moja ya Boston, Beth Israel Deaconess, iliiacha nyongeza hiyo mwaka 2017. Baada ya Mmarekani mweusi George Floyd kufa chini ya goti la polisi mwaka 2020 maswali yakawa hayazimiki tena. Septemba 2021 jopo la vyama viwili vikuu vya figo vya Marekani lilipendekeza kanuni mpya isiyo na rangi. Kwa kanuni hiyo, wale wanaume wetu wawili wa Boston wote wangeandikiwa 61.

Kulikuwa na pingamizi za kusikilizwa. Dozi za baadhi ya dawa, za saratani na kisukari zikiwamo, hupangwa kwa nambari hii, na ikishuka ghafla mtu anaweza kupunguziwa dawa anayoihitaji, au ndugu aliyejitolea figo akakataliwa. Ni hoja halali, na jibu lake ni kupima vizuri zaidi, kwa mfano kwa sistatini C, protini nyingine ya damu isiyotegemea misuli kama kreatinini. Kuikarabati rangi ili ibaki si jibu. Januari 2023 vituo vya upandikizaji vya Marekani vililazimishwa kurudi kwenye mafaili na kuwarudishia wagonjwa weusi muda walionyimwa. Kufikia Machi 2024 zaidi ya 14,000 walikuwa wamesogezwa mbele kwenye orodha, kwa wastani wa miaka miwili kila mmoja. Miaka miwili ya mashine. Waliokufa kabla ya hapo hawakurudishiwa kitu. Kwenye mapafu pia, mwaka 2023 chama cha Marekani cha madaktari wa kifua kilipendekeza viwango visivyogawanya watu kwa mbari, na mwongozo wa kimataifa wa ugonjwa wa figo wa mwaka 2024 unasema wazi kwamba rangi isitumike katika hesabu.

Mwongozo hauifuti programu iliyokwisha kuwekwa ndani ya mashine. Mashine ya maabara iliyofungwa kabla ya mwaka 2021 huenda bado inatumia kanuni ya 2009, na penye swali la asili ya mgonjwa huenda mtu fulani alikwisha kujibu kwa niaba ya nchi nzima siku ilipofungwa. Mafundi wa maabara wanaweza kuliangalia hili kwa siku moja, na ningewasihi walifanye kabla ya kusubiri waraka kutoka wizarani. Mgonjwa wa presha au kisukari anayeambiwa kwamba figo zake ni nzima ana haki ya kuuliza ni kanuni ipi imetumika, kuonyeshwa kreatinini yake ghafi ya mwaka huu na ya mwaka jana, na kuomba apimwe protini kwenye mkojo. Kipimo hicho cha mkojo hakihitaji kukisia misuli ya mtu, na mara nyingi huonyesha figo zinaumia kabla kreatinini haijapanda.